Kioo cha Kompyuta Kikiibwa, Nani Anaumia?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, viatu, maji ya kuchemsha na chandarua. Safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi mtasema si kazi ya mganga: namna ya kuilinda skrini, yaani kioo cha kompyuta, isiibwe katika biro tunamofanya kazi watu wengi pamoja. Mtaniuliza, “Munganga, mambo ya wezi si ya polisi na sentinele?” Ndiyo, ni ya polisi na sentinele. Lakini skrini moja iliyoibwa iliniletea wagonjwa watatu mbele ya meza yangu, na katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyekuwa mwizi. Ndiyo maana nawaandikia.

CHUMBA KIMOJA, KAZI TATU

Jambo hili lilitokea miaka kadhaa iliyopita, katika dispansere nyingine, kabla sijaja kufanya kazi hapa Mambasa. Tulikuwa na chumba kimoja chenye kazi tatu. Asubuhi karani wa hesabu za siku za kazi aliandika majina humo. Mchana mtu wa depo alikuja kuandika dawa zilizotoka. Pembeni, juu ya meza ndogo, palikuwa na mashine ya GeneXpert pamoja na kompyuta yake.

Mashine hii hupima makohozi ya mtu anayedhaniwa kuwa na kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010. Kwa darubini, mpimaji hutafuta vijidudu kwa jicho lake, na vikiwa vichache huenda asivione. GeneXpert hutafuta alama za urithi za kijidudu chenyewe, na kwa muda usiofika saa mbili hutoa jibu. Tena huonyesha kama kijidudu hicho kinashindana na dawa kubwa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini. Hapa Ituri watu wengi walilisikia jina la mashine hii wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, na ambayo iliipiga pia zoni ya afya ya Mandima katika teritori yetu. Mashine za aina hiyo hiyo ndizo zilizopima damu za wagonjwa.

Kwetu sisi watu wa mgodi, kifua kikuu si ugonjwa wa mbali. Vumbi la mawe tunalolivuta huchosha mapafu, na mapafu yaliyochoka hayawezi kupigana vizuri na kijidudu hicho. Kwa hiyo mashine ile ilikuwa rafiki yetu mkubwa. Lakini GeneXpert yenyewe haina uso. Majibu yake husomwa katika kioo cha kompyuta.

Jumatatu moja asubuhi tulifungua chumba tukakuta kioo hakipo. Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Sanduku la kompyuta, lenye kumbukumbu zote, lilikuwa palepale, na mashine palepale. Mwizi alichukua kilicho chepesi na kinachouzika upesi, pamoja na nyaya zake.

WAGONJWA WATATU WASIO WEZI

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchimbaji, baba wa watoto wanne, aliyekuwa amekohoa zaidi ya wiki tatu. Makohozi yake tuliyapima Jumamosi jioni, na mashine ilimaliza kazi sisi tukiwa tumekwisha kufunga. Jibu lake lilikuwa ndani ya sanduku, na sisi tulikuwa vipofu mbele yake. Tulijaribu televisheni ya klabu, lakini tundu lake halikulingana na nyaya tulizopata. Tuliagiza kioo kingine mjini, na njia zetu mnazijua. Kila asubuhi yule baba alikuja akasimama mlangoni.

“Munganga, leo pia bado?”

“Bado, Baba. Vumilia kidogo.”

Tulikaa hivyo siku tisa. Kioo kilipofika, jibu lilisema ni kifua kikuu. Siku zote tisa alikuwa amelala chumba kimoja na mke wake na watoto wake, akikohoa, bila dawa. Miezi michache baadaye mtoto wake mdogo naye aliugua. Siwezi kusema kwamba ni zile siku tisa zilizomwambukiza. Baba yake alikuwa amekohoa kabla ya hapo. Lakini siwezi kusema pia kwamba sizo. Na hapa naungama kosa letu: siku ile ile ya kwanza tungeweza kuchukua makohozi mengine na kuyapeleka kituo kingine. Hatukufanya hivyo, kwa sababu kila siku tuliambiwa kioo kinafika kesho.

Mgonjwa wa pili alikuwa sentinele wetu wa usiku, mzee aliyelinda pale miaka mingi. Kwa kuwa mlango haukuvunjwa, vinywa vyote vilimgeukia yeye. “Nani mwingine alikuwapo usiku?” Jumatatu ile ile vijana walimfuata nyumbani wakampiga mbele ya wajukuu wake, mpaka mama mmoja jirani alipopiga kelele na watu wazima wakaja kumtoa. Nilimshona kichwani nyuzi tano. Presha yake ilikuwa 190 juu ya 110. Alinishika mkono akasema, “Mwanangu, mimi sijui hata hicho kioo kinawashwaje.” Hakuna ushahidi wowote uliopatikana juu yake, siku ile wala baadaye.

Mgonjwa wa tatu alikuwa mama wa usafi. Baada ya wizi, mwenzetu mmoja mwenye ujuzi wa umeme aliona hasira, akafunga waya wa umeme kwenye vyuma vya dirisha bila kumwambia mtu. Asubuhi yule mama alianza kufuta dirisha kwa kitambaa chenye maji. Alitupwa chini. Mungu alisaidia, jenereta ilizimwa wakati huo huo, akapona. Lakini kiganja chake kiliungua, na vidole viwili havikunji vizuri hata leo.

Mwizi hakupatikana. Wenye kulipa walikuwa hao watatu.

KITU CHA WOTE, KISICHO CHA MTU

Wiki iliyofuata shefu wetu alifanya jambo la akili. Hakuuliza tena nani ameiba. Aliuliza: “Funguo za chumba hiki ni ngapi?” Sote tulijibu mbili. Akasema, “Zileteni.” Zikaja tano. Karani alichonga mmoja ili asimsubiri mtu wa depo. Mtu wa depo alichonga mmoja ili asimsumbue karani. Na wa tano ulikuwa ukiwekwa nyuma ya pipa la maji, ili yeyote anayechelewa asikose kuingia. Kambi nzima ililijua pipa lile.

Kisha aliuliza, “Kioo kilikuwa aina gani, na namba yake ni ipi?” Hatukuweza kujibu. Karani alidhani kiko katika daftari la dispansere. Sisi tulidhani kiko katika daftari la karani. Polisi walipotuuliza, tulisema tu kwamba ni cheusi. Vioo vyote ni vyeusi, ndugu zangu. Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tazameni jinsi tunavyoitunza dhahabu. Hupimwa mbele ya watu wawili, huandikwa, hutiwa sahihi, na sanduku lake huwa na funguo mbili zilizo mikononi mwa watu wawili. Hakuna anayeiacha mezani akasema, “Wenzangu wapo.” Lakini kioo ambacho kinasoma mapafu ya watu tulikiacha mezani, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Biro ya watu wengi huibiwa kwa sababu hiyo. Walinzi wanaonekana wengi, lakini hakuna aliyekabidhiwa.

NAMNA YA KUILINDA SKRINI

Haya yafuatayo yanaweza kufanywa na garaji yoyote ya mgodi, bila gharama kubwa.

1. Mpe kila kioo mtu mmoja wa kukijibia. Jina lake liandikwe daftarini. Akienda likizo, amkabidhi mwenzake kwa maandishi. Hii haina maana kwamba yeye ndiye atakayelipa kikiibwa. Maana yake ni kwamba kila jioni yupo mtu anayejua kimefungwa au hakikufungwa.

2. Andika namba. Mgongoni mwa kila skrini pana karatasi iliyobandikwa yenye jina la kiwanda, aina, na namba ya kifaa hicho peke yake. Nakili vyote katika daftari, na nakala ikae katika biro nyingine, maana daftari lililo chumba kimoja na kioo huweza kuondoka pamoja nacho.

3. Kitie alama. Jina la idara likiandikwa mgongoni kwa rangi isiyofutika, kwa herufi kubwa, kioo hupoteza bei yake sokoni. Ukitumia kifaa cha kuchora, gusa plastiki ya juu tu; usitoboe.

4. Kifunge kwa bolti. Geuza skrini uitazame mgongo. Nyingi zina matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, milimita 75 au 100 toka tundu hadi tundu. Mara nyingine yamefunikwa na mguu wa skrini. Matundu hayo hufuata kipimo kimoja cha dunia nzima kiitwacho VESA, na skrubu zake kwa kawaida ni za unene wa milimita 4. Fundi akate bamba la chuma, alitoboe matundu manne, alifunge kwenye skrini, kisha alikaze ukutani au kwenye meza. Skrubu zisiwe ndefu kupita kiasi, kwa maana zikiingia mno hupasua vya ndani. Na kama unafunga kwenye meza, meza nayo ifungwe ukutani au sakafuni, la sivyo mwizi atabeba vyote viwili.

5. Angalia ukuta wako. Ukuta wa matofali ya udongo haushiki bolti, ukivutwa, unamomonyoka. Pitisha bolti mpaka upande wa pili, na weka bamba la chuma kila upande wa ukuta.

6. Tumia kadena ya waya. Skrini nyingi zina tundu jembamba la milimita 7 kwa 3, mgongoni au ubavuni. Ni mahali pa kadena ya waya, ambayo wengi huiita Kensington kwa jina la kampuni yake. Kadena hii humchelewesha mwizi wa haraka, lakini plastiki huvunjika, kwa hiyo isiwe ulinzi wako wa pekee.

7. Usikionyeshe. Kioo kisitazame dirisha. Weka pazia. Faida yake ni mbili: mpita njia haoni kilichomo, na siri ya mgonjwa haisomwi na watu wa barabarani. Mwenye kupiga chabo kwenye skrini ya dispansere naye anaiba, ijapokuwa mikono yake ni mitupu.

8. Hesabu funguo kila mwezi. Ufunguo uliopotea maana yake ni kubadilisha kadena siku hiyo hiyo. Pipa la maji, kizingiti na chungu cha maua si mahali pa ufunguo.

Hata nyumbani, mama, televisheni yako ina matundu manne hayo hayo mgongoni, ila kwa zile kubwa huwa yameachana zaidi. Baba akiifunga vizuri ukutani, haitaibwa kwa urahisi, na haitamwangukia mtoto anayepanda meza.

ULINZI USIUE MTU

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Usifunge umeme kwenye mlango wala dirisha. Volti 220 hazimjui mwizi. Humpata mama wa usafi, mtoto anayefuata mpira, au wewe mwenyewe siku umesahau. Ukimwona mtu ameshikwa na umeme usimguse: zima kwanza jenereta au swichi kubwa, ndipo umsaidie.

Usiwafungie watu ndani. Baadhi ya biro hufunga mlango kwa kadena huku watu wakifanya kazi ya usiku, ili mtu asitoke na kitu. Kumbukeni shule ya sekondari ya Kyanguli nchini Kenya: mwezi wa Machi 2001 moto ulishika bweni usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, wakafa wavulana 67. Chumba chenye watu lazima kifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Vyuma vya dirisha ni vizuri, lakini dirisha moja liwe na vyuma vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani, na kila mtu wa chumba hicho afundishwe kuvifungua gizani.

Usikizibe kioo pumzi. Ukitengeneza sanduku la chuma la kukifungia, liwe na matundu juu na nyuma. Usifunike kwa kitenge kioo kinachowaka, maana joto likikosa njia, moto huanza.

Mbwa wa ulinzi achanjwe. Akimuuma mtu, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha njoo dispansere siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonekana, hatuna dawa ya kukiponya.

UHAI KWANZA

Ndugu zangu masentinele, neno hili ni lenu. Bolti na kadena ni za kumzuia mwizi mwenye mikono. Mbele ya mtu mwenye bunduki, hazina kazi, na wewe huna kazi ya kuzitetea. Wengi wetu tunaikumbuka Epulu, katika teritori yetu hii ya Mambasa. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha wa kundi la Mai-Mai Simba la yule aliyeitwa Morgan walivamia makao ya Hifadhi ya Okapi. Waliua watu, na walinzi wa hifadhi miongoni mwao. Walipora na kuchoma. Hata okapi 14 waliotunzwa pale waliuawa. Majumba yalijengwa tena. Watu hawakurudi.

Basi wakija wenye silaha, acha kioo kiende. Jifiche, kimbia, toa habari ukiwa mahali salama. Na ninyi mashefu, msimwambie sentinele maneno yanayoweza kumfanya ahesabu kioo kuwa sawa na maisha yake.

USINUNUE, USIVUNJE

Mara nyingine kioo cha wizi huja kambini usiku, kwa bei ndogo, bila nyaya zake na bila mguu, na karatasi ya namba imebanduliwa. Usinunue. Sheria ya nchi yetu humwadhibu pia anayepokea mali ya wizi huku akijua. Na kumbuka kwamba unaponunua, unaagiza kingine kiibwe.

Wako pia wanaovivunja vioo ili watoe shaba na vyuma. Hii ni hatari ya mwili. Vile vioo vya zamani, vinene kama televisheni za wazee, vina risasi ndani ya glasi yao, mara nyingine kilo moja na zaidi. Hewa ndani yake imeondolewa, kwa hiyo vikigongwa hupasuka kwa nguvu na kurusha vigae. Ndani pana umeme wa volti elfu nyingi, unaoweza kubaki hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Vile vyembamba vya miaka ya kwanza vina taa ndogo zenye zebaki. Vipya vya taa za LED havina zebaki hiyo, lakini navyo si mchezo wa watoto.

Risasi haina kiasi kilicho salama mwilini. Kwa mtoto huharibu ubongo, na akili iliyoharibiwa hivyo hairudi. Sisi wachimbaji wa dhahabu tunapaswa kujua habari ya Zamfara, nchini Nigeria: mwaka 2010 iligundulika kwamba watu walikuwa wakisaga nyumbani mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi nyingi, na vumbi lake liliua zaidi ya watoto 400. Basi, mama, ukimwona kijana anavunja kioo cha zamani uani, mwondoe pamoja na watoto wote. Usifagie vigae vikavu. Mwagia maji kwanza, vikusanye ukiwa umevaa glovu, kisha vipeleke kwa mtu wa usalama.

SIKU UNAPOKUTA HAKIPO

Kwanza, usiguse vitu na usimtaje mtu. Mlango usiovunjwa hauonyeshi mwizi ni nani. Unaonyesha tu kwamba ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu. Toa habari kwa shefu na polisi, ukiwapa namba iliyo daftarini. Kazi ya kuuliza ni yao. Atakayenyanyua fimbo anaweza kumuua mtu asiye na kosa, na damu hiyo haitalipwa kwa kioo.

Pili, kazi ya wagonjwa isisimame. Majibu yaandikwe katika daftari la karatasi kila siku kabla ya kufunga, ili kioo kikipotea jibu lisipotee. Makohozi mapya yapelekwe kituo kingine siku hiyo hiyo, msiseme kesho. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili afunike mdomo, alale peke yake ikiwezekana, na dirisha liwe wazi. Kifua kikuu hutibika kwa dawa za miezi sita, na dawa zikianzwa vizuri, uwezo wa kuambukiza wengine hupungua upesi.

Tatu, wekeni kioo cha akiba. Kumbukeni kwamba kioo si ubongo wa kompyuta. Skrini yoyote yenye tundu linalolingana huweza kusoma yaliyo ndani ya sanduku. Kioo kimoja cha zamani kinachowaka, pamoja na waya wake, kikifungwa katika biro nyingine, kingetuondolea zile siku tisa.

KABLA YA KUFUNGA MLANGO LEO JIONI

Kila mmoja ajiulize maswali haya matano:
— Kioo cha biro yetu kimekabidhiwa kwa nani?
— Namba yake iko katika daftari lipi, na nakala iko wapi?
— Kimefungwa kwa nini, na meza imefungwa kwa nini?
— Funguo ni ngapi, na leo ziko kwa nani?
— Moto ukitokea, tunatoka wapi?

Ukishindwa kujibu hata moja, usimtazame mwenzako. Anza wewe kesho asubuhi.

Yule mzee sentinele alirudi kazini baada ya wiki tatu. Shefu alimwita mbele yetu sote, akaomba radhi, kisha akamkabidhi daftari jipya la funguo. Tangu siku hiyo kila aliyechukua ufunguo alipita kwake. Mzee hakujua kusoma vizuri, basi kila mmoja alichora alama yake, na yeye aliziangalia moja moja, asubuhi na jioni, kama mtu anayehesabu mbuzi zake. Nilipokuwa ninaondoka pale alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, “Munganga, sasa ninalala mchana.”

Kinga ni bora kuliko tiba, ndugu zangu. Nawatakia kazi njema na afya njema, ninyi na nyumba zenu.